Sayari ya maji matupu inavyowasaidia wanasayansi kufumbua siri za mvua

HEBU tafakari dunia isiyokuwa na nchi kavu hata kipande. Hakuna Afrika wala Asia, hakuna Mlima Kenya wala Bonde la Ufa, hakuna jangwa wala msitu. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini ni maji matupu, na juu ya maji hayo hewa, mawingu na jua.

Hakuna mwanadamu aliyewahi kuiona dunia ya namna hiyo. Hata hivyo, wataalamu wa tabianchi huiunda kila mara ndani ya tarakilishi zao, nao huiita sayari ya maji.

Huenda msomaji akauliza: je, mkulima wa Kitui au mfugaji wa Marsabit ana haja gani na sayari ya kubuni? Jibu ni kwamba tarakilishi zinazotumiwa kuiunda sayari hiyo, pamoja na hesabu zilizomo ndani yake, ndizo zizo hizo zinazotumiwa kukadiria iwapo mvua ya Afrika Mashariki itaongezeka au itapungua katika miaka ijayo. Ikiwa hesabu hizo zina kasoro, sayari ya maji ni mojawapo ya mahali ambapo kasoro huonekana upesi.

Fumbo la mvua ya masika

Eneo letu limeonja pande zote mbili za shubiri hii. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa kuleta maji ya kutosha katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia, na mifugo kwa mamilioni wakaangamia. Kisha, kati ya Machi na Mei 2024, mvua ilinyesha kupita kiasi nchini Kenya, mafuriko yakaua watu na kusomba makazi, ikiwa ni pamoja na mkasa wa Mai Mahiu mwezi Aprili mwaka huo.

Nyuma ya matukio hayo pana fumbo kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, mvua ya masika ilipungua katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ilhali modeli nyingi za tabianchi, yaani programu za tarakilishi zinazoiga mwenendo wa hewa na bahari, zimekuwa zikionyesha kwamba mvua iyo hiyo itaongezeka kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Wataalamu waliupa mgongano huo jina la kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki.

Si suala la wasomi pekee. Serikali inayopanga kujenga bwawa litakalodumu miaka 50 ingependa kujua ni maji kiasi gani yatakayoingia humo. Kadhalika, mkulima anayefikiria kuacha mahindi na kupanda mtama angependa kujua kama anabadilisha mbegu kwa sababu ya msimu mmoja mbaya au kwa sababu ya mwelekeo utakaodumu.

Ili kujua ni lini modeli zinastahili kuaminiwa, ni sharti kwanza ijulikane ni kwa nini zinatofautiana. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa dunia halisi ina mambo mengi mno yanayoingiliana. Mvua ikizidi katika modeli moja na kupungua katika nyingine, chanzo chaweza kuwa milima, udongo, misitu, mikondo ya bahari, barafu, vumbi au mawingu. Kumtafuta mkosaji katika umati huo ni sawa na kutafuta sindano ndani ya rundo la majani makavu.

Inzi wa maabara

Wanabiolojia walikabiliana na tatizo kama hilo zamani. Badala ya kuanza na mwili wa binadamu, walianza na viumbe sahili kama vile bakteria, inzi wadogo wa matunda na panya, wakajifunza kanuni za urithi kwao, kisha wakapanda ngazi polepole hadi kumfikia mwanadamu.

Mwaka wa 2005, mtaalamu wa Marekani Isaac Held alitumia mfano huo kuwahimiza wenzake. Alieleza kwamba pengo kati ya kuiga tabianchi na kuielewa lilikuwa likipanuka: modeli zilizidi kuwa tata, lakini uelewa wa yanayotendeka ndani yake haukukua kwa kasi hiyo. Dawa aliyoipendekeza ni kuwa na ngazi ya modeli, kuanzia zile sahili kabisa hadi zile zinazokaribia dunia halisi.

Sayari ya maji imekaa kwenye kipago cha katikati cha ngazi hiyo. Chini yake kuna modeli zisizo na unyevu wowote, kama lile jaribio ambalo Held na mwenzake Max Suarez walilichapisha mwaka wa 1994, ambamo hewa kavu huzunguka bila wingu wala tone la mvua. Juu yake kuna modeli kamili zenye mabara, misitu na barafu. Sayari ya maji ina mawingu, mvuke, mvua na dhoruba kama dunia yetu. Kilichoondolewa ni nchi kavu na vurugu zake.

Mapishi yake

Waliojaribu sayari za namna hii mwanzoni walifanya kila mmoja kivyake, hivyo ikawa vigumu kulinganisha matokeo. Mwaka wa 2000, Richard Neale na Brian Hoskins wa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza walichapisha pendekezo la jaribio moja la pamoja, lenye masharti yaliyo sawa kwa kila mmoja. Modeli 16 zilishiriki katika jaribio hilo, na matokeo yake yakachapishwa kwa kirefu mwaka wa 2013.

Hatua ya kwanza ni kufuta nchi kavu. Modeli ya tabianchi huwa na ramani inayoonyesha ni sehemu gani iliyo bara na ni sehemu gani iliyo bahari, na nyingine inayoonyesha urefu wa milima. Ramani zote mbili hujazwa sufuri. Udongo, mimea na mito hutoweka papo hapo.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi, ni kuamua joto la uso wa bahari. Katika jaribio la Neale na Hoskins, joto hilo huwekwa na mtafiti na halibadiliki hata hewa ifanye nini. Kwenye ikweta ni nyuzijoto 27 za Selsiasi, kisha hupungua kuelekea kaskazini na kusini hadi kufikia sufuri kwenye latitudo ya 60. Kutoka hapo hadi kwenye ncha hubaki sufuri, wala barafu hairuhusiwi kuganda.

Je, joto lipungue kwa kasi gani? Hapo ndipo waliposhika ufunguo wa jaribio zima. Walipendekeza mikunjo kadhaa. Mmoja umechongoka kama paa la msonge, mwingine umelazwa kama mgongo wa kobe, na mingine miwili iko kati ya hiyo. Kwenye ikweta yote inatoa nyuzi 27. Lakini kwenye latitudo ya 10, ambayo upande wa kusini ndiyo latitudo ya Lindi nchini Tanzania, mkunjo uliochongoka hutoa nyuzi 22.5, ule wa msingi 25.2, ule unaokaribia zaidi bahari halisi 26, na ule uliolazwa 26.9.

Kwa jumla mikunjo ilikuwa minane. Mmoja uliisogeza sehemu yenye joto zaidi hadi latitudo ya 5 kaskazini, huku mingine mitatu ikiongeza joto sehemu fulani za ikweta ili ionekane jinsi hewa inavyoitikia pale bahari inapopata moto upande mmoja.

Hatua ya tatu ni jua. Nguvu yake huwekwa kuwa wati 1,365 kwa kila mita mraba. Sayari hainamishwi ubavu kama dunia yetu, kwa hivyo jua halisogei kaskazini wala kusini. Kila siku ni kama zile siku za Machi na Septemba ambapo usiku na mchana hulingana. Macheo na machweo yapo, lakini hakuna kiangazi wala kipupwe.

Hatua ya nne ni hewa yenyewe. Kiwango cha kaboni dayoksaidi huwekwa kuwa sehemu 348 kwa kila milioni, ingawa katika dunia halisi sasa kimepita 420. Ozoni husawazishwa ili kaskazini na kusini zifanane, na vumbi na moshi huondolewa.

Kisha huja gridi. Tuchukue mfano wa gridi iliyotumika sana miaka hiyo, yenye vituo 128 kuizunguka dunia na 64 kutoka ncha hadi ncha. Hiyo ni minara 8,192 ya hewa. Kila mnara ukigawanywa katika matabaka 26, panapatikana vijisanduku 212,992, na katika kila kimojawapo tarakilishi hukokotoa joto, upepo na unyevu. Ikiwa hesabu hurudiwa kila baada ya dakika 20, ni mara 72 kwa siku, na takriban mara 92,000 katika kipindi cha miaka mitatu na nusu ambacho jaribio lilihitaji.

Kuna jambo moja dogo ambalo anayeanza kazi hii asipoliangalia litamtatiza. Sayari hii inafanana kila upande, hivyo ikianzishwa na hewa iliyotulia kabisa, huweza kuchukua muda mrefu kabla ya dhoruba kuzaliwa, kwani hakuna cha kuzichokoza. Kwa sababu hiyo, watafiti hutia tofauti ndogo za kubahatisha kwenye joto la hewa mwanzoni, mfano wa kuitikisa sufuria ya maji kidogo ili mawimbi yaanze. Baada ya muda dhoruba hujitokeza zenyewe.

Aidha, miezi sita ya mwanzo hutupwa. Katika kipindi hicho hewa huwa bado inajizoesha, mvuke unapanda na pepo zinatafuta njia zake. Ni miaka mitatu iliyobaki inayohesabiwa.

Mzani wa bure

Uzuri mmoja wa sayari ya maji ni kwamba inajipima yenyewe. Kwa kuwa hakuna kinachoitofautisha kaskazini na kusini, wastani wa mvua pande zote mbili unapaswa kulingana, isipokuwa pale ambapo mtafiti amesogeza joto kwa makusudi. Zikitofautiana kidogo, ina maana kwamba jaribio halijaendeshwa muda wa kutosha. Zikitofautiana sana, mtafiti hujua kuwa kuna kosa katika programu.

Vivyo hivyo, maji yanayopanda angani kwa mvuke sharti yalingane na yanayorudi kwa mvua katika muda mrefu. Modeli inayoonyesha mvua nyingi kuliko mvuke inaunda maji kutoka patupu, na haifai kuaminiwa hata kama picha zake zinapendeza.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba bahari yenye joto lisilobadilika ina udhaifu wake. Ni kama ghala lisilokwisha: hutoa joto na mvuke bila yenyewe kupoa. Kwa maswali yanayohusu mizani ya nishati, watafiti hutumia njia nyingine ambapo bahari huwa tabaka moja la maji, aghalabu la kina cha makumi ya mita, lisilo na mikondo lakini linaloweza kupata moto na kupoa. Njia hii hukaribia uhalisi zaidi, ila huchukua miaka mingi ya hesabu kabla ya kutulia, kwa sababu maji hupata joto polepole.

Ukanda mmoja au miwili?

Matokeo yalikuwa yapi? Karibu na ikweta, pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa hupanda na mvua hunyesha. Huo ndio ukanda mvua, ambao husafiri kaskazini na kusini kulifuata jua, na kupita kwake juu ya eneo letu mara mbili kwa mwaka kunatajwa kuwa sababu kuu ya sisi kuwa na masika na vuli.

Katika sayari ya maji, joto la bahari lilipochongoka, mvua ilikusanyika katika ukanda mmoja juu ya ikweta. Lilipolazwa, ilielekea kutawanyika au kugawanyika kuwa kanda mbili, mmoja kaskazini na mwingine kusini. Hadi hapo modeli zilikubaliana.

Zilipoachana ni katikati. Kwa mkunjo uo huo mmoja wa joto, jua lile lile na hewa ile ile, baadhi ya modeli zilitoa ukanda mmoja mwembamba huku nyingine zikitoa kanda mbili. Hapakuwa na mlima wa kusingiziwa wala msitu wa kulaumiwa. Tofauti ilitoka ndani ya modeli zenyewe.

Kisababishi kikuu ni mawingu. Kijisanduku kimoja katika gridi tuliyoitaja kina upana wa takriban kilomita 313 kwenye ikweta, upana unaopita umbali wa moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Kisumu. Wingu la mvua lina upana wa kilomita chache tu. Modeli haiwezi kuliona, hivyo hulikadiria kwa kanuni fulani, na kila kundi la watafiti lina kanuni zake. Makadirio hayo ndiyo huamua hewa ipande wapi, na kwa hiyo mvua inyeshe wapi.

Mwaka wa 2013, Bjorn Stevens wa taasisi ya Max Planck jijini Hamburg na Sandrine Bony wa Paris walilisisitiza jambo hilo. Walizitazama modeli nne za sayari ya maji ambazo bahari yake iliongezewa joto kwa nyuzi nne kila mahali. Jinsi mawingu na mvua zilivyoitikia ilitofautiana mno kati ya modeli moja na nyingine. Hoja yao ilikuwa kwamba mashaka makubwa hayatokani na wingi wa vitu vilivyosahauliwa katika modeli. Yanatokana na jambo la msingi kabisa, nalo ni uhusiano wa maji, mawingu na mzunguko wa hewa.

Hilo linapaswa kutuzindua. Ikiwa modeli hazikubaliani kuhusu mvua ya ikweta hata pale ambapo dunia imerahisishwa kiasi hicho, si ajabu kwamba hazikubaliani kuhusu mvua ya nchi iliyokatwa na ikweta, yenye milima, maziwa na pwani.

Somo la kaskazi na kusi

Sayari ya maji haijaleta mashaka pekee. Mwaka wa 1986, Yoshi-Yuki Hayashi na Akimasa Sumi wa Japani waliiendesha modeli ya namna hii na kuona makundi makubwa ya mawingu yakisafiri kuelekea mashariki na kuizunguka ikweta kwa takriban mwezi mmoja. Hali hiyo ilifanana na wimbi la mvua ambalo Roland Madden na Paul Julian waliligundua mwaka wa 1971. Wimbi hilo ni mojawapo ya mambo yanayoamua iwapo wiki fulani ya masika itakuwa na mvua au itakuwa kavu katika Afrika Mashariki. Ikabainika kwamba mawimbi ya aina hiyo hayahitaji mabara ili kuzaliwa.

La kushangaza zaidi linahusu pepo za msimu. Wenyeji wa Pwani wamezijua kaskazi na kusi tangu enzi za majahazi. Tangu Edmond Halley alipoandika kuhusu pepo hizo mwaka wa 1686, maelezo yanayofundishwa shuleni yamekuwa kwamba chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya bara na bahari.

Mwaka wa 2008, Simona Bordoni na Tapio Schneider walichapisha matokeo ya sayari ya maji yenye majira ya mwaka, ambayo bahari yake ilikuwa na kina kifupi sana. Ingawa haikuwa na bara lolote, mzunguko wa hewa uligeuka ghafla majira yalipobadilika, kama ilivyo katika pepo za msimu za Asia. Funzo ni kwamba kinachohitajika hasa ni uso unaopata moto upesi. Nchi kavu husaidia kwa kuwa hupata moto upesi, na maji ya kina kifupi nayo huweza kufanya hivyo.

Mipaka yake

Pamoja na sifa hizo, sayari ya maji haiwezi kumwambia mkulima wa Kitui siku ya kupanda. Haina ule mkondo wa upepo upitao kwenye bonde la Turkana, kati ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, na kubeba unyevu kwenda magharibi. Vilevile, haina Bahari ya Hindi yenye joto linalopishana kati ya mashariki na magharibi, jambo linaloathiri sana mvua ya vuli. Kazi ya kutabiri msimu hubaki kwa taasisi kama vile Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga na kituo cha ICPAC cha nchi za IGAD, ambazo hutumia modeli kamili pamoja na vipimo vya nyanjani.

Manufaa ya sayari ya maji ni ya fundi anayelijaribu gari jipya kwenye uwanja tambarare kabla ya kulipeleka kwenye barabara ya milimani. Gari likiyumba uwanjani, hakuna haja ya kuulaumu mlima. Watafiti hurekebisha kanuni za mawingu, hujaribu tena, kisha hurudisha kitu kimoja kimoja: bara la mstatili, mlima mmoja, majira ya mwaka, hadi waifikie dunia halisi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kazi hii si ya mataifa tajiri pekee. Modeli ya CESM iliyoundwa chini ya kituo cha NCAR nchini Marekani hutolewa bila malipo, ikiwa na sayari ya maji iliyokwisha kuandaliwa. Modeli sahili zaidi iitwayo Isca, iliyoelezwa na Chuo Kikuu cha Exeter mwaka wa 2018, nayo iko wazi kwa yeyote. Kwa gridi pana, majaribio kadhaa hayahitaji tarakilishi kubwa zinazojaza jumba zima.

Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa eneo hili anayetaka kushiriki kulifumbua fumbo la masika, huenda pa kuanzia ni katika dunia isiyokuwa na Kenya ndani yake. Akishaelewa ni kwa nini mvua hunyesha pale ambapo hakuna chochote cha kuivuruga, atakuwa na msingi wa kuuliza ni kwa nini ilikosekana Marsabit mwaka wa 2022 na kufurika Mai Mahiu mwaka wa 2024.